Dawa za Kuzuia Ukoko Kwenye Mashine ya RO: Kuchagua, Kupima Dozi na Kuitunza

RO (osmosisi kinyume) husafisha maji kwa kuyasukuma yapenye utando mwembamba uitwao membreni. Membreni ya RO inayotunzwa vizuri hufanya kazi kwa miaka kadhaa. Membreni hiyohiyo ikishikwa na ukoko wa chokaa au wa salfeti inaweza kuziba ndani ya siku chache, na pengine isirudi katika hali yake hata ikioshwa. Kinachotenganisha hali hizo mbili mara nyingi ni gramu chache za dawa kwa kila mita ya ujazo ya maji, zikiingizwa mahali panapofaa na kwa kipimo kilichohesabiwa, bila kukatika.

Mwongozo huu ni wa anayesimamia mashine yenye pampu ya dawa: ya kisima, ya kiwanda cha maji ya chupa, ya hospitali, ya hoteli. Vijimashine vya chini ya sinki havihitaji haya yote. Huko, maji yakiwa magumu, weka kilainishi cha resini kabla ya membreni, inatosha.

Ukoko unatoka wapi

RO haiangamizi chumvi. Inazizuia upande mmoja wa membreni huku maji safi yakipenya upande wa pili, hivyo maji yanayobaki yanazidi kukolea kadiri yanavyosafiri ndani ya mashine. Ukivuna nusu ya maji yanayoingia, chumvi kwenye maji ya kutupwa, ambayo mafundi wengi huyaita rijekti, zinakuwa mara 2. Ukivuna asilimia 75 zinakuwa mara 4, asilimia 80 mara 5, asilimia 90 mara 10. Hesabu yake ni rahisi: gawa 1 kwa sehemu inayotupwa. Juu ya uso wa membreni penyewe chumvi hukolea zaidi hata ya hapo, kwa sababu maji yanapenya na kuziacha palepale.

Kuna kiwango ambacho kila chumvi ikikipita haiwezi tena kubaki imeyeyuka. Hapo fuwele huanza kujijenga na kugandamana. Inayojulikana zaidi ni kalsiamu kabonati, ukoko uleule unaouona ndani ya birika. Lakini ipo pia kalsiamu salfeti, bariamu salfeti, strontiamu salfeti, kalsiamu floraidi, kalsiamu fosfati, na silika, ambayo kwangu mimi ndiyo ya kuogopwa kuliko zote kwa kuwa ikishaganda ni shida kuitoa.

Dawa ya kuzuia ukoko hukaa juu ya vifuwele vinapoanza tu kuumbika na kuvizuia visikue. Vile vinavyofanikiwa kukua huvipotosha umbo, visishikamane vizuri na membreni. Aina nyingine pia huvitawanya vielee hadi vitoke na maji ya kutupwa. Shika jambo moja hapa, kwa sababu kila hatua inayofuata inalitegemea: dawa haiondoi chumvi hata chembe. Inachelewesha tu. Inayapa maji muda wa kutoka nje ya mashine kabla fuwele hazijaganda. Maji yakisimama ndani ya mashine, muda huo unakwisha.

Hatua ya 1: Pima maji, na upime yote

Usinunue dawa kabla hujawa na majibu ya maabara. TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka) na ugumu wa maji peke yake havitoshi. Omba kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, bikabonati, salfeti, kloraidi, floraidi, fosfati, silika, bariamu, strontiamu, chuma, manganizi na aluminiamu. Kwa bariamu, iambie maabara mapema kwamba unataka kipimo kinachoona kiasi kidogo sana, hadi mikrogramu kwa lita, la sivyo utaletewa jibu la "haipo" kumbe ipo ya kutosha kukusumbua.

pH (kipimo cha uasidi wa maji) na joto vipime palepale kwenye chanzo. Maji ya kisima yakikaa kwenye chupa hupoteza hewa ya kaboni dioksidi na pH yake hupanda, kwa hiyo pH ya maabara siku mbili baadaye si pH ya maji yako.

Ukipokea majibu, angalia vipimo vimeandikwa kwa mtindo gani. Kalsiamu ya miligramu 225 kwa lita "kama kalsiamu kabonati" ni miligramu 90 tu za kalsiamu yenyewe, kwa sababu unagawa kwa 2.5. Anayechanganya hayo mawili anakosea dozi nzima, na kosa hili ni la kawaida mno.

Kama maji hubadilika kati ya masika na kiangazi, pima nyakati zote mbili na ufanye hesabu kwa yale mabaya zaidi.

Hatua ya 2: Kokotoa hali ya maji ya kutupwa

Ukoko hauanzii kwenye maji yanayoingia bali mwishoni kabisa, kwenye membreni ya mwisho, mahali chumvi zimekolea kupita kote. Basi hesabu ifanyie huko.

Chukua mfano wa maji ya kisima yenye TDS 700, kalsiamu 90, bikabonati 300, salfeti 120, silika 28 na bariamu 0.05, zote miligramu kwa lita, pH 7.4 na joto la nyuzi 25. Mashine inavuna asilimia 75, kwa hiyo zidisha kwa 4. Rijekti itakuwa na kalsiamu kama 360, bikabonati 1,200, salfeti 480, silika 112 na bariamu 0.2.

Kwa kalsiamu kabonati tunatumia kielezo cha Langelier, kilichotolewa na Wilfred Langelier mwaka 1936. Kikiwa chini ya sifuri maji hayaelekei kuacha chokaa, kikiwa juu ya sifuri yanaelekea huko. Maji ya mfano wetu yakiingia yana karibu +0.2, namba isiyomtisha mtu. Yakifika kwenye rijekti pH imepanda hadi karibu 8 na kielezo ni karibu +1.9. Bila dawa, mashine hii inaziba. (Maji yenye chumvi nyingi sana, kama ya bahari, hutumia kielezo cha Stiff na Davis badala ya hiki.)

Endelea na chumvi nyingine. Kalsiamu salfeti katika mfano huu iko chini ya kiwango chake, haina tatizo. Bariamu salfeti, ingawa bariamu ilionekana kidogo kabisa kwenye karatasi, imepita kiwango chake zaidi ya mara kumi, kwa sababu ni chumvi isiyoyeyuka karibu kabisa: miligramu mbili na kidogo kwa lita, basi. Dawa nzuri inaibeba hali hiyo. Silika ya 112 iko pembeni mwa ukingo, maana kwenye joto la nyuzi 25 na pH ya kawaida uwezo wa maji kuibeba ni takriban miligramu 100 hadi 120 kwa lita. Maji yakipoa, uwezo huo unashuka.

Sasa fikiria mwenye mashine anataka avune asilimia 80 ili apunguze maji yanayotupwa. Silika inafika 140. Katika mfano huu chokaa sicho kinachoweka mpaka, ni silika, na mtu aliyepima ugumu wa maji tu asingelijua hilo kamwe. Ndiyo maana nasisitiza vipimo vyote.

Watengenezaji wa dawa wana programu za kompyuta za kufanya hesabu hizi, nyingi hutolewa bure kwa wateja. Zitumie, lakini fanya kwanza hesabu ya mkono kama hapo juu ili uweze kutambua programu ikilishwa namba zisizo sahihi.

Hatua ya 3: Chagua njia, kisha dawa

Kabla ya dawa, jiulize kama kupunguza uvunaji kidogo kunamaliza tatizo. Kutoka asilimia 80 kurudi 75 kunashusha ukolezi kutoka mara 5 hadi mara 4. Maji yakiwa si haba, mara nyingi hilo ndilo suluhisho salama kuliko yote.

Asidi hushusha pH na kuzuia kalsiamu kabonati vizuri, lakini haisaidii kitu kwa salfeti wala silika. Asidi salfuriki inaongeza salfeti juu ya iliyopo, ikazidisha hatari ya bariamu na kalsiamu salfeti. Pia bikabonati hugeuka kaboni dioksidi, hewa inayopenya membreni kama vile haipo, na maji yako safi yanatoka na uchachu. Mimi naiona asidi kama njia ya mwisho, kwa mashine kubwa zenye watu waliofunzwa kuishika.

Kilainishi cha resini hubadilisha kalsiamu na magnesiamu kwa sodiamu. Ni kizuri kwa mashine ndogo. Kwa mashine kubwa chumvi ya kukihuisha inakuwa nyingi, na maji yake ya kuoshea ni machumvi ya kutupwa mahali fulani.

Sodiamu heksametafosfati, ya unga, ilitumika sana zamani na bado inauzwa kwa sababu ni rahisi. Tatizo lake ni kwamba ikishayeyushwa huanza kuvunjikavunjika ndani ya tangi, na kinachotoka ni fosfati ya kawaida. Fosfati hiyo hailindi membreni. Badala yake hukutana na kalsiamu ikaleta ukoko wa aina nyingine, na hulisha vijidudu. Ukiitumia, changanya mpya kila siku mbili au tatu na umwage iliyobaki. Kama una chaguo lingine, liache hili.

Fosfonati ndizo zinazotumika zaidi siku hizi. Ziko imara kwenye tangi, zinazuia chokaa na salfeti kwa kiasi kidogo cha dawa, na baadhi zinastahimili chuma kidogo. Polima za asidi akriliki na asidi maleiki hutawanya vizuri chembe na vifuwele, na nyingi hazina fosforasi, jambo la maana pale rijekti inapokwenda mtoni au ziwani ambako fosforasi huotesha mwani. Dawa nyingi za dukani ni mchanganyiko wa makundi haya mawili. Silika ina dawa zake maalumu, na kama hesabu yako imeonyesha silika ndiyo mpaka, mwambie muuzaji hivyo waziwazi.

Dawa nyingi hugombana na chuma na aluminiamu. Zikikutana na madini hayo huganda na kuwa utelezi unaoziba membreni ya kwanza, na silika nayo huganda mapema yakiwapo. Yaondoe kwenye uchujaji wa awali. Lenga aluminiamu isizidi miligramu 0.05 kwa lita, na chuma nacho kiwe katika kiwango hichohicho. Vilevile, kama unatumia dawa ya kugandisha tope yenye chaji chanya kabla ya vichujio, mabaki yake yatashikana na dawa ya ukoko yenye chaji hasi. Mtaje muuzaji kila kemikali inayoingia kwenye maji yako, hata ile unayoiona ndogo.

Kwa maji ya kunywa, dai dawa iliyothibitishwa kwa kiwango cha NSF/ANSI/CAN 60 (kiwango cha Marekani na Kanada cha usalama wa kemikali za maji ya kunywa) au kinacholingana nacho katika sheria za nchi yako. Dawa ya boila au ya mnara wa kupoza maji isiingie hapa hata kama jina lake linafanana.

Hatua ya 4: Kokotoa dozi

Dozi ya kawaida ni kati ya miligramu 2 na 5 kwa lita, ila namba yako itoke kwenye hesabu ya mtengenezaji kwa maji yako. Miligramu moja kwa lita ni sawa na gramu moja kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hesabu haina ugumu.

Mashine inayopokea mita za ujazo 10 kwa saa, kwa dozi ya 3, inahitaji gramu 30 za dawa kwa saa. Tumia maji yanayoingia, si maji safi yanayotoka. Anayetumia namba ya maji safi, hapa 7.5, anapunja dozi kwa robo nzima.

Gramu 30 kwa saa ni kidogo mno kwa pampu nyingi kuzipima sawasawa, ndiyo maana dawa huzimuliwa. Weka kilo 5 za dawa kwenye tangi, ongeza maji hadi lita 50. Kila lita sasa ina gramu 100, na pampu inatakiwa kusukuma lita 0.3 kwa saa, yaani mililita 5 kwa dakika. Tangi hilo litadumu saa 166 hivi, karibu wiki moja ya kazi mfululizo.

Usiongeze dozi "kwa usalama". Dawa iliyozidi hugeuka yenyewe kuwa uchafu kwenye membreni.

Hatua ya 5: Andaa tangi

Vaa glavu na miwani ya kinga; dawa nyingi za aina hii ni asidi. Osha tangi, weka maji kwanza, kisha mimina dawa huku ukikoroga. Maji ya kuzimulia yawe maji safi ya RO. Maji magumu yenye klorini yatakula sehemu ya dawa kabla haijafika kazini. Usizimue chini ya asilimia 10 bila ruhusa ya mtengenezaji, kwani dawa nyepesi sana huota utando wa vijidudu, na utelezi ukianza kuonekana kwenye kuta za tangi, mwaga na uoshe. Andika tarehe kwenye tangi. Funika. Kila kemikali iwe na tangi lake na pampu yake.

Hatua ya 6: Ingiza mahali sahihi

Dawa iingie baada ya vichujio vya mchanga na kaboni, na kabla ya kichujio cha mikroni 5 kinachotangulia pampu kubwa. Kichujio hicho kinasaidia kuichanganya. Ukiiingiza kabla ya kaboni, kaboni itainyonya.

Klorini iwe imeshaondolewa kabla ya hapo. Huharibu dawa nyingi, na membreni za poliamidi haziivumilii kabisa. Unapotumia sodiamu metabaisalfaiti, hesabu ya kitabuni ni miligramu 1.34 kwa kila miligramu ya klorini, lakini kazini hutumika kama 3 ili kuwe na ziada.

Kwenye kiingizo weka vali ya kuzuia maji yasirudi na isiyoruhusu tangi kunyonywa mashine ikiwa imezimwa.

Hatua ya 7: Hakikisha pampu inasukuma kweli

Hapa ndipo membreni nyingi zinapotea. Pampu ya dawa inaweza kugonga siku nzima, taa inawaka, sauti inasikika, na hakuna hata tone linaloingia kwa sababu imevuta hewa au vali yake ina taka. Usiiamini sauti.

Funga silinda ya kupimia kwenye bomba la kuvutia. Kila wiki, fungua silinda na ufunge tangi, kisha hesabu dakika 10 kwa saa ya mkononi. Kwa mfano wetu zinatakiwa zishuke mililita 50. Zikishuka 35, tafuta sababu kabla hujagusa kirekebisho. Pima mashine ikiwa inafanya kazi, kwa sababu mgandamizo wa bomba unabadilisha kiasi. Na kila siku andika kina cha dawa kwenye tangi pamoja na mita ya maji yaliyoingia: hapo utaona dozi halisi ya siku hiyo, ambayo ndiyo ya kuaminika kuliko zote. Kwa mpangilio wa pampu, mapigo madogo ya mara kwa mara ni bora kuliko mapigo makubwa ya nadra.

Swichi ya kina kwenye tangi na kigunduzi cha mtiririko viunganishwe na mashine ili dawa ikikatika, RO izime. Kwa kifaa cha kuokoa membreni zote, hapa si pa kubania pesa.

Hatua ya 8: Kila ukizima, suuza

Mashine ikizimwa, maji yaliyokolea yanabaki ndani na muda wa dawa unaanza kuyoyoma. Fungua vali ya rijekti na suuza kwa mgandamizo mdogo, ikiwezekana kwa maji safi ya RO yasiyo na dawa, hadi kipimo cha umeme wa maji, au TDS, kwenye rijekti kikaribie cha maji unayosuuzia. Mashine inayozimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku ipewe usuuzaji wa kujiendesha wenyewe. Umeme unaokatika ghafla ni hatari ileile, basi ukirudi anza na kusuuza kabla ya kuanza kuzalisha.

Hatua ya 9: Soma dalili mapema

Andika kila siku mtiririko wa maji safi na rijekti, migandamizo, joto na TDS. Linganisha na siku membreni zilipokuwa mpya, baada ya kurekebisha kwa joto, kwani maji yakipoa nyuzi moja mtiririko hushuka kwa karibu asilimia 3 bila ugonjwa wowote. Osha membreni mtiririko uliorekebishwa ukishuka asilimia 10 hadi 15, chumvi inayopenya ikiongezeka asilimia 10, au tofauti ya mgandamizo ikipanda asilimia 15. Ukisubiri zaidi, kuosha kunakuwa bahati nasibu.

Tatizo likianzia membreni za mwisho, shuku ukoko. Likianzia za mwanzo, shuku tope, chuma au vijidudu. Toa membreni ya mwisho uipime uzito: yenye ukoko ni nzito kuliko mpya iliyochuruzishwa maji. Papasa ncha yake upande wa rijekti. Ukihisi chembe zinazokwaruza, kwangua kidogo uziwekee tone la asidi. Zikitoa povu ni kabonati. Zikikaa kimya, fikiria salfeti au silika.

Kabonati huoshwa kwa asidi hidrokloriki iliyozimuliwa sana au asidi ya sitriki ya asilimia 2, kwa pH na joto visivyovuka mipaka ya mtengenezaji wa membreni. Unapochanganya, asidi iingie kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Wakati wa kuzungusha, tazama pH: ikiwa inapanda, ukoko bado unayeyuka na asidi inaliwa, ongeza kidogo. Ikitulia bila kupanda, kazi imekwisha. Salfeti huhitaji EDTA (kemikali inayoshika madini kama kalsiamu na kuyayeyusha) kwenye pH ya juu na huchukua muda mrefu, na bariamu salfeti iliyokomaa mara nyingi haitoki. Silika nayo huoshwa kwa pH ya juu, bila ahadi. Kama kuna dalili za vijidudu au utelezi pamoja na ukoko, anza na dawa ya alkali ndipo ufuate na asidi.

Kabla ya kuirudisha mashine kazini, pitia daftari lako nyuma hadi siku mtiririko ulipoanza kushuka. Angalia kina cha tangi siku hiyo, uvunaji ulikuwa asilimia ngapi, joto, na lini maji yalipimwa mara ya mwisho. Kama daftari halionyeshi sababu, peleka sampuli mpya maabara na uvune asilimia 5 hadi 10 chini ya kawaida hadi majibu yarudi.